Usiku wa Mavazi Rasmi

“Mama, tiketi imekubaliwa. Siku saba melini.
Jioni mbili ni za mavazi rasmi.
Meza yako nimepangiwa mimi,
glavu nyeupe, tai ya kipepeo.
Tafadhali usinyanyuke kunisaidia vyombo.”

Nimeusoma ujumbe wa Okumbe mara nne,
miwani puani, hapa Nyalenda,
omena wakiungua jikoni.

Rasmi.
Neno hili nalijua kwa mihuri na foleni,
kwa barua ya kustaafu kutoka wodi ya uzazi.
Sikujua hata supu huweza kuwa rasmi.

Nikafungua sanduku.
Sare ya kanisa, nyeupe, na kitambaa chake cha buluu:
hiyo ikiona meza iliyotandikwa itadhani ni madhabahu,
nami nitajikuta nimepiga magoti mbele ya mkate.
Kitenge cha harusi ya Atieno: mabega yamefura kama maandazi,
na urefu unakomea gotini.
Magoti haya yamesugua sakafu ya wodi
miaka thelathini na mmoja. Hayaendi popote kujionyesha.

Dorsila wa mlango wa pili akaniletea lake,
la kijani, linametameta kama ngege aliyetolewa majini sasa hivi.
“Nguo ya kuazima,” nikamwambia, “unajua isichositiri.”
Akacheka mpaka akatafuta kigoda.

Jumapili, baada ya ibada, Kibuye.
Marobota yamekatwa kamba, watu wameinama kama wapalizi.
Kijana akanivika gauni la shanga juu ya nguo zangu:
“Mathe, hili limetoka ng’ambo, limezoea meli!”
Huenda kweli. Lilinibana kwapani kama deni.
Halikuwa na mfuko.
Nikamuuliza, leso niiweke wapi, na ufunguo wa nyumba?
Akasema wanawake wa karamu hizo hawabebi ufunguo.

Nikamrudishia gauni lake.
Mwanamke asiye na ufunguo, akirudi usiku
nani atamfungulia?

Basi likabaki jeusi.

Nililishonesha wiki aliyokufa baba yake Okumbe.
Tangu hapo limefika Bondo, Ugunja, Awendo, Muhoroni,
limekaa chini ya mahema ya kukodi,
limekula wali kwenye sahani ya plastiki,
limewavumilia waheshimiwa waliokuja kuzika
wakaanza kuomba kura.
Linajua kulia kunishinda.
Na mwongozo wa meli unasema:
nyeusi haikosei kamwe.
Hawajui wanamwalika nani.

Nikampelekea Minayo, fundi wa karibu na soko la Jubilee.
Kola itoke, nikasema. Mikono ikomee kwenye viwiko.
Mfuko usiuguse.
Alipofumua pindo, udongo ukamwagika mezani,
mwekundu kidogo, mweusi kidogo,
umeganda kwenye mshono miaka yote hiyo.
“Huu wa wapi, mama?”
Ningemjibuje? Makaburi ni mengi,
na kila moja lilikuwa na udongo wake.
Akaupangusa kwa kiganja.
Chembe chache zikang’ang’ania uzi.
Nikasema, hizo ziache.

Sasa usiku nafunga mlango, nalivaa,
nakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kioo cha kabati,
mikono mapajani,
nafanya mazoezi ya kutonyanyuka.

Sahani inakuja.
Mkono wenye glavu unapita begani kwangu,
mkono niliouosha mimi kwa maji vuguvugu
kabla haujajua kushika kitu.
Anasema, “Karibu, mama,” kwa sauti ya kazini.
Magoti yanashtuka. Nayakandamiza.

Gauni nalo limekakamaa,
linasubiri mtu aanze wimbo, linasubiri jeneza,
linasubiri mheshimiwa ashike kipaza sauti.

Tulia, nalinong’oneza.
Leo hakuna aliyekufa.
Kula.